Chokaa au rangi ya maji kwa ukuta wa pwani

Ukuta wa mawe ya matumbawe Mikindani au Lindi mjini hunyonya unyevu na chumvi kutoka chini. Hapo ndipo chokaa na rangi ya maji zinapoachana.

Rangi ya maji huweka ngozi juu ya ukuta. Unyevu ukisukuma kutoka ndani, ngozi hiyo hutoa mapovu na kubanduka, hasa futi mbili tatu za chini. Kupaka tena juu yake ni kutupa pesa. Chokaa hupitisha unyevu ukakauka, ingawa huchafua nguo ukiuegemea ukuta, na mvua za Desemba hadi Aprili huiosha taratibu upande wa nje.

Koroga kilo 5 za chokaa ya unga na maji lita 8 hivi, loweka usiku kucha, chuja. Iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hutia chumvi ili ishike. Huku pwani iache, inavuta unyevu. Sugua ukuta kwa brashi kavu (ukiuosha, chumvi inarudi ndani), unyunyizie maji kidogo tu, kisha paka mikono (tabaka) 3 myembamba, kila mmoja siku yake. Mkono mzito hupasuka na kupukutika. Vaa glavu na miwani: chokaa huunguza macho.

Rangi ya maji ipeleke kwenye kuta kavu za ndani, zenye plasta ya saruji iliyokaa siku 28. Lita 1 hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Jikoni inashinda, maana madoa yanafutika.

Ukuta wenye rangi ya maji haushiki chokaa. Kwangua yote kwanza.