Kuhamishia filamu na kanda za familia kwenye dijitali: mwongozo wa mnunuzi wa Lamu

Kabla hujauliza bei popote, fungua kopo la filamu ulilo nalo nyumbani na unuse. Ikitoka harufu kali ya siki, ujue kwamba plastiki ya filamu hiyo, ambayo ni selulosi asetati, imeanza kuoza na kutoa asidi, na asidi hiyo yenyewe huzidi kuuchochea uozo, hata roli moja lililougua likaweza kuyaharibu mengine yaliyofungiwa pamoja nalo. Joto na unyevu ndivyo vinavyoharakisha jambo hili, na sisi watu wa Lamu tunavyo vyote viwili mwaka mzima, pamoja na hewa ya chumvi. Filamu iliyooza hivyo hunywea na kujipinda, mpaka matundu yake ya pembeni yakawa hayaingiani tena na meno ya projekta. Ikifika hapo haina njia ila ile ya kwanza katika mpangilio ninaoutoa hapa. Isiyonuka inaweza kungoja miezi kadhaa, na mwenye nayo achague kwa utulivu.

Pili, kijue ulicho nacho, kwa sababu malipo na mashine hufuata aina. Filamu za familia za upana wa milimita 8 ni za namna mbili. Ile ya zamani Kodak waliitoa mwaka 1932, matundu yake ni makubwa na roli lake lina tundu dogo la kati. Nyingine ni Super 8, iliyotoka mwaka 1965, yenye matundu madogo ya pembeni na tundu kubwa la kati kwenye roli. Picha moja ya Super 8 ina eneo kubwa kuliko ile ya zamani kwa takriban nusu yake, ijapokuwa upana wa filamu ni ule ule. Roli dogo la kawaida lina futi 50, yaani mita 15, na Super 8 ya urefu huo hutoa dakika 3 na sekunde 20 tu kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde. Utazame pia ukingo wa filamu: ukiona utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, basi huenda ina sauti, kwani tangu mwaka 1973 Kodak waliuza Super 8 yenye kurekodi sauti. Utepe huo usiujue wewe kisha fundi naye asiujue, sauti ya marehemu babu itapotea bila mtu yeyote kuambiwa kwamba ilikuwepo.

Njia zilizopo nimezipanga kwa kutazama kwanza kama filamu au kanda ya asili itarudi salama, kisha ni nani atakayeiona picha wakati wa kazi. Ubora wa picha nimeuweka baada ya hayo, na najua wapo watakaonipinga. Lakini mwongozo ulioandikiwa watu wa kwingine haujui kupamba ni nini. Kanda ya bibi harusi aliyepambwa na kutolewa mbele ya wanawake peke yao, wote wakiwa hawana buibui wala ushungi, si kitu cha kupelekwa kwa kijana wa studio akaketi nacho saa tatu. Familia nyingi zimeacha kanda hizo zioze kabatini kwa sababu hiyo tu, nami siwalaumu, ila nasema kwamba dawa ipo.

Tuanze na filamu.

Nafasi ya kwanza naipa maabara maalumu yenye skana inayopiga kila picha ya filamu peke yake, na zaidi ile inayoivuta filamu kwa magurudumu laini bila kutumia meno. Mashine za namna hii, mfano ScanStation ya kampuni ya Lasergraphics, huweza kuipitisha hata filamu iliyonywea, na huinasa picha pamoja na sauti ya utepe wa sumaku. Maabara hizo ziko Ulaya na Marekani, na kwa kawaida hutoza kwa futi, kwa hivyo pima kabla ya kuandika barua: roli la sentimita saba na nusu ni futi 50, nalo la sentimita kumi na mbili na nusu ni futi 200. Njia ya kuzifikisha ambayo mtu wa hapa anayo ni ndugu anayesafiri. Azibebe mkononi, asizitie katika sanduku la kupakiwa. Wengi huogopa mashine za eksirei za uwanja wa ndege, lakini filamu iliyokwisha kusafishwa, yaani kutolewa picha kwa dawa za maabara, haidhuriki nazo. Inayodhurika ni ile iliyopigwa ikawa haijasafishwa. Na ukikuta Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ambayo haikusafishwa, usimruhusu mtu akuuzie matumaini, maana maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha kwa rangi, huko Kansas, iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa mwaka 2010, na sasa kinachoweza kutolewa ni picha nyeusi na nyeupe tu.

Unapoagiza kazi kwa maabara, andika mambo haya waziwazi na uyapate kwa maandishi kabla ya kulipa: kwamba watatoa picha ya 2K, yaani takriban pikseli 2,048 kwa 1,536, ambayo inatosha kabisa kwa milimita 8, kwamba umbo la nne kwa tatu litabaki lilivyo, wala picha haitanyooshwa wala kukatwa kichwa na miguu ili ijaze televisheni ya siku hizi, kwamba mwendo wa faili utakuwa ule wa filamu, 16 au 18, na kwamba roli zote zitarudi, zikiwa na namba zako. Kuna anayeuza 4K kwa bei ya juu. Kwa milimita 16 naona ina maana, lakini kwa milimita 8 utakuwa umelipia chembechembe za filamu zikuzwe, si sura za watu.

Nafasi ya pili, nayo ndiyo ambayo kaya nyingi za Mkomani na Langoni zingefaa kuifikiria, ni kununua skana ndogo ya nyumbani. Wolverine na Kodak Reels ndizo zinazojulikana zaidi, na huko nje huuzwa kwa dola mia tatu na zaidi za Marekani, kabla ya ushuru na usafirishaji. Kwa kaya moja yenye roli nne ni hasara. Lakini zikishirikiana kaya tano au sita zikanunua pamoja, zikaitumia kwa zamu, na mwishowe zikaiuza, gharama inakuwa nyepesi, na lenye uzito kuliko gharama ni kwamba filamu haivuki kizingiti cha mlango. Wanawake wa nyumba huikalia kazi wenyewe, na hakuna mgeni aliyeona kitu.

Kasoro zake zijulikane kabla ya kutoa fedha. Skana hizi hazisomi sauti. Hupiga takriban picha mbili kwa sekunde, kwa hivyo roli la futi 50 huchukua kama nusu saa, na roli kubwa la futi 400 litakula saa nne. Hubana faili sana, hivi kwamba penye kivuli cha barazani utaona viraka badala ya giza laini. Tena nyingi hutoa faili la picha 20 kwa sekunde, na mtu aliyepigwa kwa 16 akichezwa kwa 20 hutembea kama anayekimbizwa na punda. Mwendo huo hurekebishwa kwa programu ya bure kama DaVinci Resolve, nayo si kazi ngumu kwa kijana aliyezoea kompyuta. Filamu yenye viungo vya zamani vilivyobandikwa kwa gundi hunasa, na hapo ni lazima mtu awe karibu. Usiiwashe ukaenda sokoni. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila taarifa, iunganishe skana na betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kurekodi faili huenda lisifunguke.

Kabla ya kupitisha filamu popote, ifute vumbi kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, na mikono yako iwe mikavu. Usitumie maji, wala spiriti ya dukani ya asilimia 70, kwa sababu ile asilimia nyingine iliyobaki ni maji, na maji huilainisha jelatini iliyobeba picha.

Nafasi ya tatu ni fundi mwenye kamera nzuri na lenzi ya karibu, aliyeibadilisha projekta ili ipige picha moja moja. Akiwa stadi, kazi yake huishinda skana ya nyumbani. Asipokuwa stadi, anafanya majaribio juu ya filamu yako. Mtake akuonyeshe roli lake mwenyewe kwanza.

Ya mwisho kabisa ni kuangaza filamu ukutani kwa projekta ya zamani na kuirekodi kwa simu. Picha humemeteka, kwa sababu kizuizi cha mwanga ndani ya projekta na kamera ya simu havikubaliani mwendo. Wazee wa kazi hii walilitatua kwa kuipunguza projekta hadi picha 16 na theluthi mbili kwa sekunde, ili mapanga matatu ya kizuizi yatoe mimemetuko 50, ambayo inaafikiana na kamera ya picha 25. Ni hesabu nzuri, na hata hivyo katikati ya picha hubaki mwanga mkali na pembeni giza. La kuogopesha zaidi ni filamu yenyewe: ikikwama mbele ya taa huyeyuka mbele ya macho yako, na meno ya projekta iliyokaa bila mafuta kwa miaka thelathini huichana filamu iliyonywea.

Kwa kanda za video mpangilio unageuka, na hapa naiweka kazi ya nyumbani mbele ya zote. Kaseti ya VHS haina siri nyingi ndani yake: picha ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika kwetu Kenya, ina mistari 576 inayoonekana, na hakuna mashine itakayoiongeza. Unachohitaji ni deki iliyo hai, kifaa kidogo cha kuingizia picha kwenye kompyuta, na subira, kwani kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu kamili. Deki ndiyo shida. Funai, kampuni ya mwisho inayojulikana kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016, kwa hivyo kila deki utakayoiona ni ya mkono wa pili. Usiilipie kabla hujaiona ikicheza kanda nzima, ikiirudisha nyuma, na kuitoa bila kuitafuna. Kifaa cha kuingizia kiwe kinachokubali PAL kwa ukamilifu wa 720 kwa 576. Vipo vya bei rahisi vinavyorekodi 640 kwa 480 tu, na hivyo hukupunja mistari yako bila kukuarifu. Waliopata kanda kutoka kwa jamaa wa Marekani wakumbuke kwamba huenda ni za NTSC, mfumo wa huko, na deki ya hapa isiyozikubali itatoa picha inayoruka. Kanda yenye unga mweupe ukingoni ina kuvu: usiitie ndani ya deki kabisa, maana vichwa vya mashine vitaupeleka unga huo kwenye kanda zote zitakazofuata.

Nafasi ya pili kwa kanda ni studio ya mjini, kwa sharti mwenye kanda aketi hapo mpaka iishe, au awepo fundi mwanamke kwa kanda za wanawake. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kanda dukani, katika mji ambao sitautaja, nikarudishiwa DVD yenye ua waridi kwenye jalada. Kanda yenyewe ilikuwa imeandikiwa juu harusi ya watu wengine. Ile DVD nayo leo haisomeki, kwa kuwa diski za kuandikia hutegemea rangi ya kemikali inayofifia, na hapa kwetu hufifia upesi. Tangu hapo siulizi bei ya DVD. Nauliza kama watanipa faili kwenye flashi yangu, na kama watalifuta la kwao nikiwa natazama.

Kurekodi televisheni kwa simu si njia ya kuhamisha. Itumie kuorodhesha kilichomo ndani ya kanda, basi.

Kuhusu faili, omba mawili kwa kila roli au kanda: moja kubwa lisilobanwa sana, kwa mfano ProRes, litakalokuwa gigabaiti kadhaa hata kwa roli dogo, na jingine jepesi la MP4 la kutazama. Lile kubwa ndilo ulilolinunua. Likae katika diski mbili za nje, moja hapa kisiwani na nyingine kwa jamaa wa bara au Maskati, na usimtumie mtu faili hilo kwa WhatsApp kama video ukadhani amepata nakala, kwa sababu hubanwa tena njiani. Ya wanawake yawe na diski yake, mikononi mwa mmoja wao.

Filamu zikirudi, usizitupe. Zitoe katika makopo yaliyofungwa kwa nguvu, uziweke katika visanduku vinavyopitisha hewa, mbali na ukuta unaopata mvua ya masika na mbali na paa la mabati, na zile zinazonuka siki uzitenge chumba kingine.