Uzoefu wangu: shahada ya uzamili ya masomo ya Asia

Nimehitimu uzamili wa masomo ya Asia, ule unaochanganya historia, siasa, uchumi, anthropolojia na lugha. Naupendekeza kwa moyo mmoja, ila kwa anayeingia akiwa na lugha moja na swali moja la kufuatilia.

Utamu wake niliuonja kwenye semina kuhusu msukosuko wa fedha wa 1997, ulioanza Thailand ilipoacha thamani ya sarafu yake, baht, iamuliwe na soko mwezi Julai. Mwanauchumi alitufafanulia mikopo ya muda mfupi ya dola iliyomiminwa kwenye majengo ambayo yangechukua miaka kulipa. Mhadhiri wa siasa akatuhamishia Indonesia, ambako Rais Suharto aliachia madaraka Mei 1998 baada ya kutawala zaidi ya miaka 30. Kisha mwanaanthropolojia akauliza kwa nini, ghasia zilipozuka Jakarta, walioshambuliwa zaidi walikuwa Waindonesia wenye asili ya China. Msukosuko ulikuwa mmoja, lakini huyu alishika takwimu za benki, yule hotuba na magazeti, na wa tatu simulizi za walionusurika. Tangu hapo maelezo ya upande mmoja hayanitoshi.

Kasoro yake ni kwamba kazi ya kuziunganisha fani hizo unaachiwa mwenyewe. Kila mhadhiri anasahihisha kwa kanuni za kwake. Insha iliyompendeza mwanahistoria, mwanauchumi ataidai takwimu. Tafuta mapema msimamizi wa pili wa tasnifu kutoka fani nyingine. Nadharia za muhula wa kwanza ni nzito, lakini zinapita.

Lugha ndiyo inayoamua utafika wapi. Orodha rasmi ya kanji (herufi zenye asili ya China) za matumizi ya kawaida Japani ina herufi 2,136, kwa hiyo anayeanza Kijapani kutoka sifuri asitarajie kusoma nyaraka za kale kabla ya kuhitimu. Mimi nilichagua Kiindonesia: kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na vitenzi vyake havibadiliki kwa nyakati. Kufikia tasnifu niliweza kusoma gazeti la 1998, bei za mchele na mafuta ya kupikia zikipanda toleo baada ya toleo, bila kumtegemea mfasiri. Hapo nilifurahi kweli.

Kabla ya kuomba nafasi, uliza kama masomo ya lugha yanahesabiwa kwenye shahada. Kuna programu zinazoyaweka kando, na mwanafunzi hujikuta akibeba mzigo wa ziada usioonekana kwenye matokeo yake.