Zabibu ya Cardinal nyuma ya jiko, Tabora: inawahi kweli?

Mwangaluka, watazamaji wangu. Leo sina boksi la kufungua wala simu mpya ya kuwaonyesha. Bidhaa yenyewe inaning'inia hapa juu ya kichwa changu, ngoja nigeuze kamera... mnaiona? Kichala hiki kikubwa nimekadiria kitafika nusu kilo. Kimezaliwa Tabora mjini, nyuma ya jiko, siyo Dodoma kwenye mashamba ya zabibu.

Miche niliuziwa kwa sifa moja tu: "Hii inawahi, kaka. Miezi mitatu unakula." Nikatuma hela, nikaipokea stendi, miche mitatu, kila mmoja una kibandiko kimeandikwa Cardinal. Nikapanda Desemba 2022, mvua zimekolea. Ilipofika Machi nikaanza kuchungulia. Ndugu zangu, nilichungulia mpaka nikasahau kuchungulia. Zabibu ya kwanza kuingia mdomoni mwangu ilikuwa Septemba 2024.

Sasa, nilitapeliwa? Nusu. Miezi mitatu na ushee ipo, ila haihesabiwi kuanzia siku ya kupanda. Mzabibu wowote, wa kuwahi na wa kuchelewa, unataka karibu miaka miwili kushika mizizi na kujenga shina. Kuwahi kwenyewe ni kwa tunda: tangu jicho, yaani kile kinundu cha tawi panapotokea chipukizi, linapochipua hadi kichala kinapoiva. Na huku kwetu jicho unaliamsha wewe mwenyewe, kwa mkasi.

Hapo ndipo pa kuelewa, nisikilizeni. Cardinal ilizalishwa Fresno, California, mwaka 1939, kwa kuchanganya aina mbili za zabibu, mojawapo ikiwa Ribier. Kule mzabibu unapukutisha majani, unalala wakati wa baridi, ukiamka unawahi kuiva kuliko wenzake, mkulima anakuta soko bado tupu. Tabora hakuna baridi ya kuulaza. Usipoupogoa unarefuka tu, majani kama mboga ya maboga, matunda ya kubahatisha. Ukiupogoa, saa inaanza kuhesabu. Mwaka huu nilikata tarehe 20 Mei, nikaanza kuvuna tarehe 5 Septemba. Siku 108, na humo mna usiku wa Juni na Julai, mnaujua ulivyo na ubaridi.

Faida yake kwetu basi siyo soko. Ni kukwepa mvua. Kiangazi chetu kinaanza Mei, Novemba mvua zinarudi. Aina ya siku 160, ukiikata tarehe hiyo hiyo, inakufikisha mwisho wa Oktoba, mawingu yameshaanza kujikusanya. Na Cardinal ganda lake jembamba: ikinyeshewa ikiwa inakaribia kuiva, punje zinapasuka.

Najuaje? Nilijifanya mjanja 2024. Nimesikia Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, nami nikapogoa tena Septemba ile ile, nikitarajia zabibu za mwaka mpya. Nikasahau kwamba Dodoma inapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka na sisi tunakaribia 900. Januari punje zikapasuka, nyigu wakahamia, vichala vikaoza vikiwa mtini. Majani nayo yakapakwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, weupe kama mtu kayamwagia unga wa muhogo. Waliowahi kukaa kwenye mikorosho kule Mtwara wanaujua, na dawa yake ni ile ile, salfa. Ila usipulize jua la saa saba, inaunguza majani.

Jinsi ninavyokata: wiki tatu kabla napunguza maji, kisha nakata na kunyonyoa majani yote yaliyobaki. Mama jirani siku hiyo aliniita kwa sauti, "Baba, mti umekukosea nini?" Sogeeni hapa. Hili ni tawi la msimu uliopita, rangi ya kahawia, unene kama penseli. Nimeacha macho mawili tu. Kichala kinatokea kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi kama hili. Kwenye shina kuukuu usitegemee kitu. Cardinal inazaa hata kwenye macho ya chini, ndiyo maana unaweza kukata fupi hivi bila hofu. Na mti mmoja unatosha, unajichavusha wenyewe.

Miche mitatu, iliyobaki miwili. Mmoja uliliwa na mchwa, na hili la mchwa kwa watu wa Tabora sina haja ya kulieleza. Nguzo za uchanja ni mirunda niliyoichovya kwenye oili chafu, na shimo la kila mche lilikuwa sentimita 60 kwenda chini, samadi debe mbili. Udongo wetu wa kichanga haujaipa shida, maji hayatuami. Kiangazi namwagilia dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kila mti, na rangi ikianza kuingia napunguza.

Ndege ni habari nyingine. Wanajua kuiva kabla yako. Nimevalisha kila kichala kipande cha chandarua chakavu, kile kilichotoboka hakifai tena kitandani.

Haya, tuionje. Mmesikia ilivyolia? Nyama ngumu kidogo, tamu, ina kiharufu cha kunukia kwa mbali. Kokwa mbili... hapana, tatu. Wanaotafuta zabibu isiyo na kokwa, hii siyo yenu. Kasoro kubwa nyingine ni hii: punje hizi zimekuwa zambarau, hizi bado za waridi, hizi kijani, na zote ni kichala kimoja. Nimepunguza punje zikiwa ndogo, imesaidia, haijaisha. Na rangi inadanganya. Mwaka jana niliona wekundu nikachuma, chachu tupu, nikaziweka kwenye gunia kama embe nikingoja ziive. Zabibu haina tabia ya embe. Ukishaichuma, utamu umekoma pale pale. Siku hizi naonja punje ya ncha ya chini kabisa ya kichala. Hiyo ikiwa tamu, nachuma.

Miti miwili imenipa vichala 17, kilo sita na robo kwa mizani ya dukani. Kwa kula nyumbani naipa nane kwa kumi. Kwa biashara naipa tano, kwa ajili ya rangi hiyo ya mchanganyiko na ganda lisilopenda kusafiri. Ukiwa na kiwanja kidogo na mkasi mkali, nunua, ila mwambie muuzaji akuuzie mche, kalenda utajipangia mwenyewe.

Mtaniuliza kama Desemba nitapogoa tena. Sipogoi. Nitafunga matawi yasilale chini, nitapuliza salfa, basi, hadi Mei. Zimebaki hizi tatu, na mama jirani huyo anakuja na bakuli. Karibu, mama, safari hii mti umenisamehe.