Pa kulala Mombasa kwa mtu wa Nairobi, kuanzia hema hadi hoteli ya kifahari

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, amua utakaa upande gani wa maji. Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini kuna Nyali, Bamburi na Shanzu, unakofika kwa Daraja la Nyali. Kusini kuna Likoni, kisha Tiwi na Diani, na huko watu wamezoea kuvuka kwa feri. Wengi wetu huona chumba cha bei nafuu Diani, wakalipa, halafu pesa waliyookoa ikaishia kwenye teksi kwa sababu walichotaka kukiona ni Fort Jesus na Mji wa Kale. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini foleni yake unailipa kwa jasho. Mwenye gari siku hizi ana barabara ya Dongo Kundu: anaingia Miritini, anapita daraja la Mteza na kutokea kusini bila kuiona Likoni.

Ukienda kwa treni ya SGR, tiketi ya kawaida kutoka Syokimau ni shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500, tangu bei zilipopandishwa 2024. Treni ya alasiri hufika Miritini giza limeshaingia, na Miritini si mjini. Weka nauli ya kutoka stesheni kwenye hesabu yako.

Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayekwenda siku tatu au nne na familia au marafiki, na anayehesabu gharama yote.

1. Nyumba ya kukodi kwa siku, Nyali hadi Bamburi

Hii ndiyo naiweka juu, na sioni ya kuishinda mkiwa watu wanne au zaidi. Kwa pesa ya chumba kimoja cha hoteli ya kati mnapata vyumba viwili, jiko na sebule. Soko la Kongowea liko karibu, wachuuzi wa samaki hupita mlangoni, na nyumba nyingi za pwani humtafutia mgeni mpishi wa kumlipa kwa siku. Mpe samaki na nazi, kisha uondoke jikoni usimharibie.

Na ufuo? Ufuo wa Kenya ni wa umma. Aliyelipa elfu hamsini na aliyelala mtaa wa tatu nyuma ya barabara wanakanyaga mchanga uleule. Mradi ujue kichochoro cha kupitia.

Ila uliza maswali kabla ya kutuma pesa. La kwanza ni maji. Mombasa ina shida ya maji ya mfereji ya miaka mingi, na nyumba nyingi hutegemea visima vyenye maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai huwezi kuipika. Uliza kama kuna tangi la maji matamu, au mtanunua ya mitungi. La pili ni umeme: tokeni ni za nani? Kiyoyozi kinakula tokeni usiku kucha, na wenye nyumba wengine hukuachia mzigo huo bila kukwambia. La tatu, "karibu na bahari" ni maneno tu hadi mwenyewe akutumie video akitembea kutoka mlangoni hadi majini. Asiyetaka kutuma video na anataka amana kwa M-Pesa leo leo, mwache.

Mtwapa, kaskazini zaidi, bei ni nafuu, lakini muziki wa baa haulali. Kwa vijana sawa. Kwa mtu aliyekuja kupumzika, hapana.

2. Hoteli ya ufuoni, msimu wa mvua

Kuanzia Aprili baada ya Pasaka hadi Juni hoteli kubwa hubaki na vyumba vitupu na bei hushuka. Mei mvua ni nyingi kweli, lakini mara nyingi hunyesha kwa vipindi, jua likarudi. Uliza bei ya wakazi na ubebe kitambulisho, maana bei ya mgeni wa kutoka nje huwa nyingine kabisa. Chukua hafu bodi: kifungua kinywa na chakula cha jioni. Mchana kuleni nje.

Sarova Whitesands ya Bamburi na Voyager ya Nyali zimezoea watoto, na hilo lina uzito kuliko nyota. Jambo ambalo tangazo halitakwambia ni kupwa na kujaa. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari ya Bamburi na Shanzu hukimbia kuelekea kwenye miamba ikaacha mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Kuogelea hakuna hadi ijae tena. Angalia jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe, na kama una watoto usikubali hoteli isiyo na bwawa.

3. Gesti ya kisiwani

Kwa mwenye shughuli mjini, au anayelala usiku mmoja, inatosha. Taka chumba chenye bafu ndani, feni inayozunguka kweli na neti isiyo na matundu. Vijaribu vyote kabla ya kulipa. Karibu na Mji wa Kale unaamkia mahamri na mbaazi, na jioni unatembea hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari kula mihogo ya pilipili na ndimu. Baadhi ya gesti hazipokei wasiooana wala pombe. Uliza mapema, usibishane mapokezi.

4. Hoteli ya kifahari

Serena ya Shanzu, iliyojengwa kwa mtindo wa mji wa Waswahili, inapendeza na huduma yake inajulikana. English Point Marina inatazama Mji wa Kale kutoka ng'ambo ya maji, lakini ufuo wa mchanga hapo usiutarajie. Zimekuja nafasi ya nne kwa sababu nyingi kati yake hujaa Desemba na Pasaka, wakati ambapo unalipa zaidi na kupanga foleni ya mayai na wenzako wa Kilimani. Kwa fungate, nenda, tena katikati ya juma.

5. Hema

Kambi ya kweli ya ufuoni utaipata Tiwi, ambako Twiga Lodge imepokea wenye mahema kwa miaka mingi. Ni nafuu kuliko yote hapa. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi hema huwa tanuri kabla ya saa mbili asubuhi, kwa hiyo piga hema chini ya kivuli, na mkate ufungie ndani ya gari, tumbili wasije wakauchukua. Matatu ya kutoka Likoni hukushusha kwenye barabara kuu, mbali na ufuo. Panda bodaboda au tuktuk hadi langoni; njia hiyo ya vichakani si ya kutembea na mkoba mgongoni.