Maikrowevu ya kutenganisha mafuta na maji: mtambo unafanya kazi, waliouleta wametuudhi

"Hujui hata unachopitisha humu ndani." Maneno hayo fundi wa kampuni iliyotuuzia mtambo alimwambia opareta wetu mbele ya wenzake, hata kifuniko hajakifungua. Opareta mwenyewe kazeekea kwenye matangi ya mafuta machafu, emulsheni, yaani mafuta na maji yaliyoshikana yakagoma kutengana, anaijua kwa kuitazama tu.

Kilichotokea ni hiki. Tulianza kupitisha mafuta ya chini ya tangi, yenye maji mengi na chumvi. Mzigo ukibadilika hivyo, sehemu ya nguvu hurudi kwenye bomba la mawimbi kuelekea magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi yenyewe. Ndiyo maana huwekwa kifaa cha kuigeuza njia, iishie kwenye maji yanayozunguka. Mita ya nguvu inayorudi ikapanda, mtambo ukaendelea tu kuwaka, magnetroni ikaungua. Simu zetu hazikupokelewa kwa siku kadhaa.

Fundi alipofungua hatimaye, tuliona wote. Maji ya kupokea ile nguvu hayakuwa yanapita kabisa. Kihisi cha mtiririko kilipaswa kuuzima mtambo, lakini ncha zake mbili zilikuwa zimeungwa kwa kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole, ili kidanganye muda wote kwamba maji yapo. Kisanduku kile walikifunga wao, na lakiri yao ilikuwa bado juu yake! Bila haya akaandika kwenye fomu "matumizi mabaya", yaani dhamana imekufa, magnetroni tulipe sisi.

Ningesema msinunue, nikaishia hapo. Lakini kazi yenyewe siwezi kuisingizia. Mafuta yaliyogoma kutengana kwa miezi, kemikali tumemwaga mpaka tumechoka, yalipotoka kwenye maikrowevu tuliyachota kwenye chupa ya kioo na maji yakaanza kushuka tukiyaona. Maji hunyonya mawimbi hayo kwa nguvu, mafuta karibu hayanyonyi, kwa hiyo joto linazaliwa ndani ya tone lenyewe. Ngozi inayolizunguka inalegea, mafuta yanakuwa mepesi, matone yanaungana na kuzama. Katikati ya chupa lilibaki tabaka la kahawia lenye tope laini, na hilo bado tunalipeleka kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha kwa kuzungusha kwa kasi. Muuzaji hakulitaja hata mara moja.

Wala wasijitetee kwamba teknolojia ni changa. Marekani ilitoa hataza ya njia hii mwaka 1986.

Mtambo naupa nyota nne. Au tatu, kwa sababu ya lile tope. Lakini kila nikiufikiria ule waya naona hata moja ni nyingi: aliyeuweka alijua kihisi kile kinalinda nini, akaona heri mtambo usizimezime siku ya majaribio kuliko kutafuta kwa nini maji hayapiti. Mkinunua, wafungue visanduku vyote vya vihisi mbele yenu kabla hamjatia saini ya kupokea. Sisi magnetroni hatulipi.