Kununua kifaa cha kuelekeza njia garini: chaguo tano kwa dereva wa Malindi, kuanzia linalofaa zaidi

Dereva anayetoka Malindi kwenda Mombasa hahitaji kuelekezwa na chombo chochote, kwa kuwa barabara ni moja na ni takriban kilomita 120 za lami. Haja huanza pale anapoiacha barabara hiyo: anapompeleka mgeni Marafa kuona mabonde ya Nyari, anapopita Kakoneni na Lango Baya kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki, au anapovuka daraja la Sabaki na kushika safari ndefu ya Garsen, Witu na Mokowe. Katika njia hizo mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu, vibao ni vichache, na unaweza kuendesha muda mrefu bila kumwona mtu wa kumuuliza. Nimeupanga mwongozo huu kwa ajili ya safari hizo, wala si kwa ajili ya kutoka Majengo kwenda sokoni.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachonunuliwa. Setilaiti za mfumo wa GPS, ambao ni mali ya serikali ya Marekani na ulikamilika mwaka 1995, huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikituma ishara za saa na za mahali zilipo. Kifaa kilicho garini hupokea tu. Hakitumi chochote angani, hakihitaji laini ya simu wala bando, na kikizipata ishara za setilaiti nne kinaweza kukokotoa mahali kilipo kwa kosa la mita chache, mradi hakuna kinachokiziba na anga. Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa mafundi, kwamba GPS inakula bando. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa wakati gari likiwa njiani. Setilaiti haijui barabara hata moja ya Kaunti ya Kilifi. (Wenyeji wa Malindi wana haki ya kujivunia kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka majukwaa ya San Marco, hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ingawa kazi yake ilikuwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, si kuongoza magari.)

Kwa hiyo anayenunua kifaa cha aina hii, kwa hakika ananunua ramani, na kioo ni mahali pa kuisomea tu. Jamaa yangu mmoja anayeendesha watalii aliachiwa na mgeni wake wa Italia kifaa kizuri sana, cha skrini pana na sauti safi, lakini kilikuwa na ramani ya Ulaya peke yake. Kutoka mjini hadi Gede kilimwonyesha mshale ukisogea juu ya uwanja mtupu usio na hata mstari mmoja. Setilaiti zilikuwa zikimwona sawasawa, ila ramani ndiyo haikuwapo. Tangu siku hiyo mimi hupima kila kifaa kwa swali moja: je, ramani kamili ya Kenya inaweza kukaa ndani yake, na je, mwenyewe anaweza kuibadilisha bila kulipa kila mara?

Nafasi ya kwanza: simu ya pili iliyotengwa kwa ajili ya gari

Kwa madereva walio wengi, chaguo bora ni simu ya Android ambayo haitumiki tena kwa mazungumzo, au iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na ambayo sasa itakaa garini kwa kazi hii moja. Haihitaji laini. Ukiwa nyumbani au mahali penye Wi-Fi, pakua programu kama OsmAnd au Organic Maps pamoja na ramani ya Kenya, ambayo ni mamia ya megabaiti, na tangu hapo simu itakuelekeza hata ukiwa katikati ya Nyongoro usikopata mtandao. Programu hizi mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao watu wa kujitolea huchora barabara za sehemu zao, na mwenyeji yeyote anaweza kuongeza njia iliyokosekana. Google Maps nayo huruhusu kuhifadhi eneo ulichagualo, na imekuwa na Kiswahili tangu 2018, lakini eneo lililohifadhiwa huisha muda lisiposasishwa, na pasipo mtandao halikupi hali ya msongamano.

Sababu yangu kubwa ya kuiweka simu mbele ni kwamba ikiharibika, kila mtaa wa Malindi una fundi wa kuitazama, na chaja yake hupatikana dukani saa yoyote. Kwa nini isiwe ile simu yako ya kila siku? Kwa sababu hiyo hulia, huingiza ujumbe juu ya ramani pale pale kwenye njia panda, na humshawishi dereva kuishika mkononi, jambo ambalo sheria ya Kenya inalikataza gari likiwa katika mwendo.

Unaponunua simu ya kazi hii, usijali kamera. Angalia skrini iwe na inchi tano na nusu au zaidi na iwe na mwanga unaosomeka mchana wa jua kali. Angalia tundu la chaja lisiwe limelegea, kwa kuwa litachomekwa kwa saa nyingi barabarani. Na uigeuze uone kama mgongo umevimba. Betri iliyokwisha kuvimba ni hatari, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ufukweni ni mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi. Simu ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwanga wa skrini au hujizima yenyewe, hivyo ifunge karibu na tundu la hewa baridi ikiwa gari lako lina kiyoyozi, na uiondoe kila unapoegesha.

Kuna mtego mmoja ambao umewagharimu watu pesa nyingi. Tableti nyingi za Wi-Fi pekee hazina kipokezi cha GPS kabisa, na iPad zisizo na nafasi ya laini ni miongoni mwao. Nje ya mji zitakuonyesha ramani nzuri, lakini hazitakuonyesha uko wapi ndani yake.

Nafasi ya pili: kifaa maalumu chenye nafasi ya memori kadi

Kwa dereva wa watalii anayeingia Tsavo kila wiki, ningeligeuza pangilio langu na kukitanguliza hiki. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya gari huwaka mara gari linapowashwa, hukaa imara kwenye kishikio chake, husema kwa sauti inayoshinda mngurumo wa injini, na hakikatizwi na simu ya mtu yeyote. Vifaa vya Garmin, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989, vina faida moja inayonifanya nivipendelee: vingi vyake vya gari hukubali ramani za ziada zilizowekwa kwenye memori kadi, zikiwamo zilizotengenezwa kutokana na OpenStreetMap bila malipo, na za kulipia kama zile za Tracks4Africa, zinazotilia maanani njia za mbugani. Ramani za TomTom, kinyume chake, zimefungwa, na ni vigumu kuingiza ramani isiyotoka kwao.

Usitosheke na maneno ya kwenye boksi yanayoahidi ramani za maisha. Maana yake ni masasisho kwa kadiri kifaa kitakavyodumu, tena kwa eneo lile lile lililouzwa nalo. Soma orodha ya nchi mpaka ulione jina la Kenya kwa macho yako. Inchi tano zinatosha kwa gari dogo, na inchi saba zinafaa zaidi kwa van au lori. Betri za vifaa hivi ni ndogo na aghalabu hudumu kama saa moja hivi, kwa hiyo waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara si nyongeza, ni sehemu ya kifaa. Ukikuta waya huo haupo, omba upunguziwe bei. Mwenye lori ahakikishe kwamba chaja inakubali volti 24.

Kishikio cha kunyonya kioo hulegea kwa joto letu. Kifute kioo kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kukibandika, na ukiweke chini, upande usioziba macho ya dereva. Kama kioo cha mbele kimebandikwa tinti ya aina iliyo na chembe za madini, ishara zitapungua sana, na hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachoponya hilo.

Anayenunua kifaa maalumu kilichotumika atazame tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo iligeuka usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho hakikusasishwa kinaweza kuonyesha mwaka wa miongo miwili iliyopita, nacho kitakosea saa ya kufika na pengine kushindwa kuzipata setilaiti haraka.

Nafasi ya tatu: redio ya Android iliyofungwa kwenye dashibodi

Magari mengi tunayonunua hutoka Japani, na redio zake husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi karibu 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Wengi hubadilisha redio kwa sababu hiyo, kwa hiyo si vibaya kupata ramani ndani ya gharama hiyo hiyo. Skrini ni kubwa na programu ni zile zile za simu. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuihamishia gari jingine, na za bei ya chini zina RAM ya GB 1 inayozifanya zichelewe kukuambia pinda mpaka umekwisha kuipita kona. Nakushauri usishuke chini ya GB 2. Simama na fundi anapoifunga. Antena ya GPS ni kibonge kidogo chenye waya, na baadhi ya mafundi hukisokomeza nyuma ya redio, kati ya vyuma, kisha mwenye gari hulaumu redio miaka yote. Kiwekwe juu ya dashibodi, chini ya kioo.

Nafasi ya nne na ya tano

Ya nne ni kifaa kilichotoka Ulaya na ambacho hakikubali ramani nyingine. Kikiwa zawadi, kipokee kwa shukrani, kukinunua sishauri. Ya tano ni mtambo uliokuja na gari kutoka Japani: ramani yake ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na betri ya gari ikitolewa huenda mtambo ukadai nambari ya siri au kadi ambayo hakuna aliye nayo. Usikubali gari liongezewe bei kwa ajili yake.

Watu wa Lamu wana swali lao, nalo ni fupi kujibiwa. Gari huachwa Mokowe, na kifaa cha gari hakifai mashuani, kwa sababu hakikukingwa na maji na hupanga njia kwa barabara, si kwa bahari. Nahodha anahitaji kile cha mkononi kilichoundwa kwa ajili ya maji.

Kabla ya kulipa

Omba kifaa kitolewe nje ya duka, mahali penye anga wazi, kwa kuwa chini ya bati na kati ya kuta nene za mawe hakitapata kitu. Kama kimelala miezi mingi, kipe subira: kila setilaiti hurudia taarifa za njia yake kwa sekunde 30, lakini orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kikishajua mahali kilipo, tafuta kwenye ramani daraja la Sabaki, njia panda ya Gede na barabara ya Marafa. Kisha mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pa kuzizima njia za vumbi, kwani kifaa kilichowekewa njia fupi kuliko zote hakijui masika yamefanya nini huko bara.

Mwisho, jaribu kuingiza mahali kwa nambari za latitudo na longitudo. Nyumba zetu hazina nambari za mtaa. Mwenyeji hukuelekeza kwa msikiti na mwembe, na akiwa na simu hukutumia pini, hivyo kifaa kinachotafuta kwa anwani pekee hakitakusaidia. Malindi iko karibu na digrii 3.2 kusini na 40.1 mashariki. Ukisahau kuchagua kusini, kifaa kitakupangia safari ya kwenda pande za Wajir, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa bado mlangoni pa duka.