Nimelala kwenye gesti ya mawe Lamu: boriti safi, simenti hapana!

Haya jamaa zangu, leo maiki ni mpya, ile ya zamani ilizama jeti, kwa hivyo mtu asinambie tena kwenye komenti sauti yakwama. Niko Mkomani, Lamu, ndani ya nyumba ya mawe ya kale ambayo siku hizi ni gesti. Daka la mlangoni, baraza, kiwanda (yaani ua wa ndani), mlango wa nakshi, hayo mshayaona sana, na mji wenyewe uko UNESCO tangu 2001, nayaruka.

Mimi nataka mtazame juu. Ngoja niwashe tochi. Mwaziona hizo? Boriti za mkoko, zimepangwa kama mbavu za jahazi, juu yake matumbawe na chokaa mpaka ikawa sakafu ya wenye kukaa yuu. Sasa naiweka simu hapa natembea ukuta kwa ukuta... moja, mbili, tatu, nne, ah nishafika! Haifiki mita 3. Nikienda kwa urefu je? Naenda, naenda, bado naenda, mwanisikia? Fundi hakukosa kiwanja. Mkoko ukiurefusha zaidi ya hapo utapinda na uzito wa mawe yale yote, basi mti ndio uliomkatia mwenye nyumba chumba, awe tajiri awe nani, chake chembamba vilevile, akitaka nafasi aongeze urefu au aongeze misana, yaani vile vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana. Na boriti za huku majahazi yalizibeba hadi Oman na Kuwait, watu wa huko wakaezekea nyumba zao! Mimi hapa napenda mpaka nimesahau kuwaonyesha kitanda. Kitanda kiko, kina neti, tuendelee.

Kinachoniudhi ni chumba cha tini, yaani cha chini. Wamekarabati kwa simenti. Tazama nikipitisha mkono, unga huo, rangi yabanduka maganda maganda. Matumbawe yavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini, chokaa inauacha utoke taratibu, simenti inauziba, basi maji yatafuta pa kutokea na ukuta waoza. Nimemuuliza kijana wa mapokezi, anacheka, ati simenti yakauka haraka. Sawa bwana, na kubanduka pia haraka.

Bei, elfu nne na mia tano, na chai ya asubuhi, mahamri na mbaazi. Najua wa Malindi mtanambia kwa pesa hizo kwenu napata AC na swimingi, ni kweli, mwezi uliopita nililala huko nikaganda usiku kucha, lakini huku feni nimeizima saa nne, ukuta wenyewe mnene karibu mkono mzima na dari iko mbali, joto halinifikii. Nyota nne ningewapa, nimetoa moja kwa ile simenti, la, nimetoa mbili, ngazi nazo wima kama mlingoti, begi la magurudumu liache kwenu.

Ukija omba chumba cha yuu. Ijumaa naingia ngome ya Lamu, pale uwanja wa Mkunguni, ile iliyomalizwa 1821, nako naenda na tochi.